Msimcheke Aliyesikia Bati Likisema

Chuma hakina kinywa wala pafu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba ameisikia sufuria ikinong'ona, au bati la paa likitoa sauti ya binadamu usiku, wengi huona kuwa kazi ya kufikiri imekwisha kabla haijaanza. Akiyasema hayo Lafey, huko Mandera katika mpaka wa Kenya na Somalia, atapata majibu yale yale ambayo angeyapata Nairobi au Mombasa. Mmoja atamwambia kuwa ni jini. Mwingine, mwenye cheti cha shule katika mfuko wa shati, atamcheka. Jibu la kwanza limekwisha kukemewa na wengi, wala mimi silitetei. Lakini ugomvi wangu huanza na jibu la pili, kwa sababu anayelitoa amepewa ufunguo wa mlango huu kwa gharama ya taifa zima, naye anautumia kujikunia sikio.

Nasema hivi: chuma cha kawaida kinaweza kupokea redio bila ya kukusudiwa, na katika hali fulani kinaweza hata kutamka. Hili si jambo la kuamini wala la kukataa. Ni jambo la kueleza, na maelezo yake yamo katika vitabu vya fizikia mnavyovibeba kila siku, ingawa hayakuandikwa kwa maneno haya.

Kituo cha redio hutupa mawimbi angani. Wimbi likipita juu ya kitu chochote cha chuma, kama ua wa sengenge, mfereji wa paa, waya wa kuanikia nguo au bomba la kisima, huzitikisa chembe za umeme zilizomo ndani yake, zikaenda mbele na kurudi nyuma. Kila kipande cha chuma kilicho karibu nawe, msomaji, kinatikiswa namna hiyo wakati huu unaposoma. Lakini mtikiso huo ni wa haraka mno. Katika mawimbi ya kati hufika mara laki kadhaa, hata kupita milioni moja, katika sekunde moja, na sikio la binadamu hukoma kwenye elfu ishirini hivi. Tena, kwa kuwa mwendo wa kwenda ni sawa na mwendo wa kurudi, hufutana. Sauti iliyobebwa na wimbi imo ndani, ila haina njia ya kushuka, kama abiria katika gari lisilo na mlango.

Hapo ndipo kutu inapoingia katika habari yetu. Chuma safi kikigusana na chuma safi hupitisha umeme sawasawa pande zote mbili. Lakini kati ya vyuma viwili ikiwapo ngozi nyembamba ya kutu, pengine umeme hupita kwa urahisi upande mmoja na kwa taabu upande wa pili. Mlango wa namna hiyo, unaofunguka kwa kusukumwa na kukataa kwa kuvutwa, hukata nusu ya mtikiso. Nusu inayobaki haifutwi tena na mwenzake. Na kwa kuwa katika utangazaji wa AM wimbi huvimba na kunywea kwa kufuata sauti ya mtangazaji, ile nusu iliyobaki nayo huvimba na kunywea vivyo hivyo. Abiria ameshuka. Kilichosalia ni kitu chepesi cha kutetemeka, kwa mfano ukingo wa bati uliolegea, na nguvu ya kutosha ya kukitetemesha.

Mwenye cheti atasema kwamba hayo ni maneno ya kupamba, na kwamba kitambuzi cha redio ni kazi ya kiwanda. Historia haikubaliani naye. Mwaka 1874, kabla ya mtu yeyote kuwa na redio, Mjerumani Ferdinand Braun aliona kuwa madini fulani yakiguswa na ncha ya chuma hupitisha umeme upande mmoja kuliko wa pili. Jagadish Chandra Bose, Mhindi wa Bengali aliyefundisha Calcutta, aliomba hataza ya kitambuzi cha galena mwaka 1901, akapewa nchini Marekani mwaka 1904. Galena ni jiwe lenye madini ya risasi, jiwe la kuokota ardhini. Mwaka 1906 Greenleaf Whittier Pickard wa Marekani akapata hataza yake kwa silikoni. Na mwaka 1944, katika vita vya pili vya dunia, askari waliozingirwa Anzio nchini Italia walijitengenezea redio kwa wembe mkuukuu, kipande cha risasi ya penseli, waya na kisikizio. Ngozi ya oksaidi iliyo juu ya wembe ndiyo iliyokuwa mlango, na ncha ya penseli ndiyo iliyougusa. Redio hizo hazikuwa na betri hata moja. Nguvu yote iliyotikisa kisikizio ilitoka katika wimbi lenyewe.

Ikiwa wembe na penseli vinaweza, kwa nini msumari wenye kutu katika tundu la bati usiweze? Dayodi mnayoichora kwa pembetatu na kistari katika daftari haikushuka kutoka mbinguni ikiwa imefungwa katika plastiki. Ni jamaa wa kutu aliyelelewa vizuri.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka karibu na Cincinnati, Marekani. Tangu Mei 1934 mpaka Machi 1939 kituo cha WLW kiliruhusiwa kutangaza kwa nguvu ya kilowati 500. Ili mpate kipimo: baadaye vituo vya AM vya nchi hiyo viliwekewa ukomo wa kilowati 50. Watu waliokaa karibu na mnara ule walieleza habari ambazo zingewapatia kicheko kikubwa mahali pengine popote. Walisema mifereji ya paa ilitoa sauti, nyua za waya zilisikika, na taa zilikataa kuzimika. Hata tukipunguza chumvi ambayo kila msimuliaji huongeza, fizikia haina la kuwapinga. Walikuwa na wimbi lenye nguvu kupita kiasi, walikuwa na vyuma virefu, na walikuwa na viungo vyenye kutu. Majirani wale hawakuwa wagonjwa wala wachawi. Walikuwa majirani wa mnara mkubwa tu.

Sasa turudi Lafey, maana mimi sikuja kusema kwamba kila bati lililosikika limesema kweli. Nimekuja kusema kwamba hesabu ifanywe. Na hesabu ina maswali. La kwanza, mnara u umbali gani na una nguvu kiasi gani? Nguvu ya wimbi linalosambaa hupungua upesi: ukienda mbali mara kumi, kinachokufikia ni sehemu moja tu katika mia, kama hapana vilima wala miti ya kukizidishia taabu. Garissa, uliokuwa mji mkuu wa Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka mikoa ilipozipisha kaunti mwaka 2013, uko mamia ya kilomita kutoka Lafey. Mtambo wa AM ulio mbali hivyo unaweza kusikika katika redio nzuri, hasa usiku, wakati anga ya juu inapoyarudisha mawimbi ya kati duniani. Lakini kulitetemesha bati mpaka lisikike kwa sikio tupu ni jambo jingine kabisa.

Swali la pili ni la aina ya wimbi. Vituo vingi vinavyosikilizwa leo ni vya FM. Katika FM sauti haimo katika nguvu ya wimbi. Imo katika haraka ya mtikiso wake, unaoongezeka kidogo na kupungua kidogo, huku nguvu ikibaki ile ile. Mlango wetu wa kutu haujui kusoma maandishi hayo. Utakata nusu ya mtikiso na kupata kitu kilicho bapa, kisicho na neno. Mawimbi ya simu za mkononi ni magumu zaidi kwake, kwa sababu mazungumzo yamegeuzwa tarakimu kabla ya kurushwa. Kwa hiyo mtu wa Lafey akisema leo kwamba sufuria yake imesoma taarifa ya habari neno kwa neno, nina haki ya kumtilia shaka kubwa. Lakini angalieni: nimemtilia shaka baada ya kupima, na ninaweza kumwonyesha kipimo changu. Yule aliyecheka hana cha kuonyesha ila meno.

Wala msidhani kwamba Lafey haina mfano wake wa hai. Nani hajasikia kipaza sauti cha msikiti, au cha baraza la chifu, kikitoa mlio wa "tri-ti-ti, tri-ti-ti" kabla tu ya simu ya mtu kuita? Kipaza sauti hakikuundwa kupokea simu. Waya wake umegeuka antena, na transista iliyo ndani yake imefanya kazi ile ile ya kutu. Simu za 2G hurusha nguvu yake kwa mapigo ya vipande vipande, mapigo 217 hivi kwa sekunde, na mwendo huo umo ndani ya uwezo wa sikio. Maneno ya simu hayasikiki, kwa sababu ni tarakimu. Mapigo husikika, kwa sababu ni nguvu inayopanda na kushuka. Basi kila mwenye cheti aliyewahi kukaa katika mkutano amekisikia chuma kikipokea redio bila ya kukusudiwa, amekunja uso, amemwambia jirani azime simu, kisha akaenda zake nyumbani kumcheka mchungaji.

Nimewachapa wenye cheti vya kutosha kwa sasa. Wako wengine ambao dhambi yao ni kubwa zaidi, nao ni wale wanaoichukua habari hii ya kweli na kuifanya bidhaa ya hofu. Hao husema kwamba mnara humwaga sauti katika vichwa vya watu, kwamba jino lililozibwa kwa madini hugeuka redio, na kwamba anayesikia sauti asitafute dawa bali asogee mbali na nyaya. Hadithi ya jino ina umri mrefu. Mchezaji wa sinema wa Marekani, Lucille Ball, alisimulia kwamba mwaka 1942 alisikia redio katika meno yake. Ni hadithi ya kupendeza sana, lakini haina kipimo nyuma yake. Jino ni kitu kifupi, limo katika kinywa chenye maji ya chumvi yanayopitisha umeme, na halina kitu chepesi cha kutetemeka kama ukingo wa bati. Hakuna aliyewahi kulileta jino la namna hiyo mbele ya mashahidi likatangaza.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa mchezo wa akili. Kuna watu wanaosikia sauti kwa sababu ya ugonjwa, kama vile kuna watu wanaotetemeka kwa sababu ya malaria. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa ni jini, huchelewa kutibiwa. Akiambiwa ni mnara, huchelewa vile vile. Akichekwa, hunyamaza, na kunyamaza ni kuchelewa kubaya kuliko kote. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Mnyororo ni chuma pia, na hicho hakipokei kitu.

Kipimo cha kuwatenganisha hao wawili, aliyesikia wimbi na aliyesikia ugonjwa, ni chepesi kiasi kwamba naona haya kukiandika. Waite watu wawili watatu waweke masikio yao pale pale. Wote wakisikia, tafuteni mnara na kiungo chenye kutu. Kibaneni kiungo hicho au kikwangueni, na sauti itabadilika. Akisikia yeye peke yake, naye akaendelea kusikia hata akiwa mbali na chuma, mpelekeni kwa mganga wa hospitali kwa heshima ile ile ambayo mngempeleka nayo mtu aliyevunjika mguu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifanya hilo. Linalomzuia si uwezo. Ni kicheko cha wenzake.

Zaidi ya hayo, anga ya mpaka huu haijapata kuwa tupu, na watu wake si wageni wa mawimbi. BBC ilianza kutangaza kwa Kisomali mwaka 1957, na tangu hapo wafugaji wengi wa Kisomali wamejua habari za dunia kabla ya mtu wa mjini mwenye gazeti. Katika miaka ya vita vya mpakani, tangu 1963 mpaka 1967, Kenya na Somalia zilipigana kwa maneno ya redio pamoja na risasi. Serikali mbili hizo zilipokutana Kinshasa mnamo Septemba 1967 kutafuta amani, mojawapo ya ahadi walizopeana ilikuwa kuacha kutangaziana uadui kwa redio na magazeti. Wimbi lilihesabiwa miongoni mwa silaha. Na mwaka 2015, Kenya ilipoanza kujenga ua wa waya katika mpaka wa Mandera, kazi ambayo haikupita kilomita chache, hakuna aliyedai kwamba ua huo ungezuia redio. Mawimbi yaliendelea kupita juu yake, chini yake na ndani ya waya wenyewe.

Watu waliozaliwa katika anga kama hiyo walistahili kuwa mafundi wa redio wa Afrika ya Mashariki nzima. Badala yake watoto wao wanakosa hata mtu wa kuwaeleza dayodi. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hayo walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika kaunti za kaskazini mashariki. Sitawalaumu waliokimbia kifo, nani angewalaumu? Lakini kiti cha mwalimu wa fizikia hakibaki kitupu hata siku moja. Mwalimu akiondoka, uvumi hukikalia, na uvumi haujawahi kuomba uhamisho.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtu atasema: ninyi mwataka kuwafundisha watoto habari za mabati yanayoimba, na nchi yao ilikosa mvua misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, ngamia na ng'ombe wakafa, visima vikakauka. Kwanza maji, kisha mawimbi. Hoja hii ina sauti ya huruma, lakini siikubali. Onyo la ukame husafiri kwa njia gani, kama si kwa redio na simu? Bei ya mbuzi mnadani hujulikanaje na mtu aliye malishoni? Minara ya simu katika sehemu za Mandera imeharibiwa katika mashambulio mara kadhaa, na kila unapoanguka mmoja, watu hubaki bila ya njia ya kumwita mkunga au kuomba msaada. Nani atautengeneza? Fundi kutoka mbali, aliye na sababu zote za kuogopa barabara ile? Mtoto wa Lafey anayeielewa kutu ya bati yuko hatua chache tu kutoka kwenye kazi hiyo, maana wahandisi wa minara nao hupambana na kutu hiyo hiyo. Viungo vibovu vya chuma juu ya mnara huchanganya mawimbi mawili na kuzaa la tatu ambalo hakuna aliyelirusha, nalo huharibu mapokezi ya mtambo mzima. Kumwambia mtoto huyo asubiri mpaka mvua zitengemae ni kumtaka asubiri maisha yake yote.

Wala haidaiwi maabara kubwa. Chukueni chupa, muizungushie waya mwembamba uliofunikwa, mizunguko themanini au mia. Chukueni wembe, muupashe moto mpaka uwe na rangi ya buluu, muuache upoe. Fungeni kipande cha risasi ya penseli kwenye pini ya kufungia nguo, na ncha yake iuguse wembe taratibu. Tafuteni kisikizio cha ukinzani mkubwa cha redio ya zamani. Vile vidogo vya simu havifai. Waya wa mita 20 au 30 uwekwe juu kadiri inavyowezekana, mbali na nyaya za umeme, na uteremshwe mawingu ya radi yakionekana. Waya mwingine uingie ardhini penye unyevu. Kisha ngojeni usiku, msogeze penseli juu ya wembe mahali hadi mahali, kwa subira ya mtu anayetafuta sindano mchangani. Pengine mtasikia kituo cha mbali, hafifu kama mazungumzo ya chumba cha pili. Pengine hamtasikia kitu, kwa kuwa wimbi halina nguvu ya kutosha mlipo, na hilo nalo ni jibu, tena jibu mlilolipata wenyewe.

Neno moja la tahadhari, ambalo katika mji mwingine lingekuwa la kuchekesha. Kabla ya kuutundika waya huo mrefu, mwambieni mwalimu mkuu, naye amwarifu chifu na kituo cha polisi. Waya usioelezwa juu ya paa, katika mji ulio mpakani, unaweza kuwaletea wageni wenye silaha wasiotaka kusikia habari za oksaidi. Wakija, waonyesheni wembe na penseli, na kama wana muda, wapeni kisikizio wasikilize.